Maswali ya Wasomaji: Nani Ataongoza Baada Yetu?

Barua kadhaa zilizotufikia kwa ajili ya toleo hili zinauliza jambo moja kutoka pande tofauti: kiongozi wa kiroho ana wajibu gani kwa siku ambazo yeye mwenyewe hatakuwapo? Tumechagua nne, na kwa ombi la walioziandika tumeondoa majina yao na ya makanisa yao.

Mchungaji, Bwana Yesu asifiwe. Mimi ni mzee wa kanisa katika usharika mmoja mkoani Kilimanjaro. Mchungaji wetu, ambaye tunampenda na kumheshimu, amebakiza muda mfupi kabla ya kustaafu. Amekaa nasi kiasi kwamba vijana wetu wengi amewabatiza, akawapa kipaimara, na sasa anawafungisha ndoa. Kila ninapouliza kwenye baraza la wazee tutajiandaa vipi, naambiwa kwamba nina haraka ya kumwondoa, na kwamba dayosisi italeta mwingine. Je, ni makosa kuzungumzia kuondoka kwa mchungaji angali yupo?

Si makosa, mzee wangu, na wa kwanza kulizungumza jambo hilo katika Maandiko ni kiongozi mwenyewe. Katika Hesabu 27, Musa anaambiwa apande mlimani aitazame nchi ambayo hataingia, na ombi analolitoa baada ya kusikia habari hiyo nzito halihusu maisha yake wala makosa yaliyomfikisha hapo. Anaomba awekwe mtu juu ya mkutano, ili watu wa Bwana wasiwe kama kondoo wasio na mchungaji. Mungu anamtaja Yoshua, kisha anatoa maagizo ambayo wengi wetu huyasoma upesi na kuyapita: Yoshua asimamishwe mbele ya kuhani Eleazari na mbele ya mkutano wote, na Musa aweke juu yake sehemu ya heshima yake ili watu wapate kumtii. Agizo hilo linatekelezwa Musa akiwa bado na nguvu na bado ndiye kiongozi. Sura zinazofuata, hadi mwisho wa Kumbukumbu la Torati, zimejaa kazi alizozifanya huku Yoshua akiwa anajulikana tayari kuwa ndiye atakayefuata, na kwa hiyo watu walipata nafasi ya kuwazoea wote wawili kabla ya kubaki na mmoja.

Ninyi wa Kilimanjaro mna sababu ya pekee ya kulifikiria jambo hili mapema, kwa kuwa historia ya kanisa lenu inaonyesha linavyokuwa likija ghafla. Wamisionari wa Leipzig, shirika la Kilutheri la Ujerumani, walianza kazi huko mwaka 1893, na mwaka 1920, baada ya Ujerumani kushindwa Vita vya Kwanza vya Dunia, waliondolewa. Walimu wenyeji na wazee walibaki na sharika. Walifundisha, waliongoza ibada, walizika wafu, na kanisa halikufa. Lakini katika miaka karibu thelathini ya wamisionari hao hakuna hata mmoja kati yao aliyekuwa amebarikiwa kuwa mchungaji. Watu walikuwapo na imani ilikuwapo. Kilichokosekana ni uamuzi wa kuwakabidhi mamlaka wakati ambapo wangeweza kuulizia wasilolijua kwa waliowatangulia. Siwalaumu wale wamisionari kwa nia mbaya. Nadhani walijiambia kile ambacho baraza lenu linajiambia leo, kwamba muda bado upo.

Linganisha na Bukoba. Askofu wa kwanza wa kanisa la Kilutheri huko, Bengt Sundkler kutoka Sweden, alikaa katika kiti hicho kuanzia mwaka 1961 hadi 1964 tu, kisha nafasi yake ikachukuliwa na Josiah Kibira, mzaliwa wa huko huko Buhaya. Mwaka 1977, mkutano mkuu wa Shirikisho la Kilutheri Duniani ulipofanyika Dar es Salaam, huyo Kibira alichaguliwa kuwa rais wa shirikisho hilo, Mwafrika wa kwanza kushika wadhifa huo. Ndugu zetu Wakatoliki nao wana utaratibu ambao mimi huutazama kwa wivu kidogo: askofu akitimiza umri wa miaka 75 huombwa kuwasilisha barua ya kung'atuka, na mahali pengine huteuliwa kwanza askofu mwandamizi, mwenye haki ya kurithi kiti, akafanya kazi bega kwa bega na anayeondoka. Jimbo Kuu la Dar es Salaam limepita njia hiyo mara mbili, kwa Polycarp Pengo aliyeteuliwa mwaka 1990 na kumrithi Kardinali Laurean Rugambwa mwaka 1992, na kwa Jude Thaddaeus Ruwa'ichi aliyeteuliwa mwaka 2018 na kumrithi Pengo mwaka 2019.

Ni kweli kwamba dayosisi italeta mchungaji mwingine. Hata hivyo, dayosisi haitaleta yale yaliyomo kichwani mwa huyu aliyepo. Ingia siku moja katika ofisi ya usharika, ufungue lile kabati la rejista, ujiulize ni nani mwingine anayejua kilichomo. Hati ya kiwanja cha mtaa ule wa juu iko wapi, na yule jirani aliyeruhusiwa kupita kando ya uzio aliruhusiwa kwa maandishi au kwa mdomo? Watia saini wa benki ni akina nani, na kati yao wangapi wako hai? Ni wagonjwa gani wanaopelekewa Chakula cha Bwana nyumbani, na ni familia zipi mbili ambazo hazikai benchi moja tangu ule mgogoro wa mirathi? Mchungaji mgeni asipoambiwa hayo atayajifunza kwa kujikwaa, na kila atakapojikwaa watu watasema kwamba yule wa zamani alikuwa bora.

Kwa hiyo msizungumze kwanza habari ya nani ajaye. Zungumzeni habari ya nani anaandamana na mchungaji sasa. Anapokwenda kuwatembelea wagonjwa, aende na mzee mmoja kijana na mama mmoja. Anapokwenda kusuluhisha ndoa, kama wenye ndoa wameridhia, awepo mwinjilisti. Katika sharika nyingi vijana wamepewa matangazo, kwaya, na kazi ya kunadi kuku na mikungu ya ndizi baada ya ibada. Wananadi kwa ustadi, watu wanacheka, sadaka inapanda, na mnada ukiisha daftari na fedha vinarudi mikononi mwa wazee wale wale ambao wamezihesabu tangu vijana hao hawajazaliwa. Wapeni daftari. Wahesabu pamoja na mhazini, waandike, wasome taarifa mbele ya usharika Jumapili inayofuata, na wakikosea wasahihishwe kwa upole. Paulo alipomwandikia Timotheo ayakabidhi mafundisho kwa watu waaminifu watakaofaa kuwafundisha na wengine, alikuwa anahesabu vizazi vinne katika sentensi moja: yeye mwenyewe, Timotheo, hao waaminifu, na hao wengine.

Jambo la mwisho, na pengine ndilo zito kuliko yote. Usilipeleke suala hili barazani kabla hujampelekea mwenyewe. Nenda kwake jioni na mzee mwenzako anayemheshimu, mkae, mnywe chai, mzungumze habari za watoto, kisha umuulize bila kuzunguka kama ameshapata mahali pa kuishi. Nyumba anayokaa ni ya usharika. Wachungaji wengi hung'ang'ania ofisi kwa sababu siku watakayoiacha wataiacha pamoja na paa, na aibu inawazuia kusema. Mkiona kwamba hofu yake ni hiyo, basi maandalizi ya usharika kwa mchungaji ajaye yaanze na mifuko ya saruji kwa huyu anayeondoka.

Shikamoo Mchungaji. Mimi ni katibu wa vijana katika kanisa moja jijini Mwanza. Kila mwanzo wa mwaka kiongozi wetu hutangaza jina la mwaka na mambo ambayo Mungu amemwonyesha kwamba yatatimia kabla ya Desemba. Tumeshachangia jengo ambalo tuliambiwa lingekamilika mwaka juzi, na sasa tunaombwa ahadi mpya. Vijana wanaouliza wanaambiwa hawana imani. Nami najiuliza: si kweli kwamba kiongozi wa kiroho anapaswa kuwa na maono ya wakati ujao? Nitatofautishaje maono ya kweli na maneno ya kututia moyo tu?

Marahaba, mwanangu. Ndiyo, anapaswa kuwa na maono. Mithali 29:18 inasema kwamba pasipo maono watu huacha kujizuia. Lakini Biblia haikutuacha na mstari huo peke yake. Imetupa kisa kizima cha viongozi wawili waliosimama siku moja katika hekalu moja, kila mmoja akidai anasema kwa jina la Bwana juu ya wakati ujao wa watu wale wale. Kisome katika Yeremia sura ya 28 na ya 29, uzisome pamoja.

Watu wa Yuda walikuwa wamekwisha kupelekwa Babeli, pamoja na mfalme wao na vyombo vya hekalu. Nabii Hanania akatangaza mbele ya makuhani na watu wote kwamba katika miaka miwili kila kitu kitarudi. Yeremia, ambaye shingoni mwake alikuwa amevaa nira kama ishara, alijibu kwanza kwa kusema amina, Bwana na afanye hivyo. Hakuwa mtu wa kufurahia habari mbaya. Kisha akaongeza kwamba nabii anayetabiri amani hujulikana pale neno lake linapotimia. Hanania akaichukua ile nira shingoni mwa Yeremia na kuivunja mbele ya watu wote, na Yeremia akaondoka zake. Nikisoma hapo huwa naona wazi kwamba siku ile Hanania ndiye aliyeshangiliwa.

Baadaye Yeremia aliandika barua kwa wale waliokuwa Babeli. Mstari wa 11 wa sura ya 29, ule wa mawazo ya amani na tumaini, umechapwa kwenye kalenda za ukutani na kubandikwa kwenye vioo vya daladala nchi nzima. Mstari wa 10, unaousimamia mlangoni, haubandikwi: unasema kwamba miaka ni 70. Maana yake ni kwamba wengi wa waliosomewa barua ile kwa mara ya kwanza wangezikwa Babeli. Na maagizo yaliyotangulia ahadi ni kujenga nyumba na kukaa ndani yake, kupanda bustani na kula matunda yake, kuozesha wana na mabinti, na kuuombea amani mji ule wa kigeni. Huyo ndiye kiongozi anayewaongoza watu kuelekea siku zijazo. Aliwaambia muda halisi, ingawa uliwaumiza, na aliwapa kazi ya kufanya kesho yake asubuhi.

Kwa hiyo, unapoyasikia maono ya mwaka, jiulize yanakutaka ufanye nini zaidi ya kutoa na kungoja. Jiulize pia ni nani anayebeba gharama yake. Hanania hakupoteza kitu kwa kutabiri miaka miwili; waliouza vitu vyao wakakaa wamefunga mizigo ndio wangepoteza.

Nikupe mfano wa karibu na kwetu. Mchungaji John Gatu alikuwa katibu mkuu wa Kanisa la Presbiteri la Afrika Mashariki, nchini Kenya, kanisa ambalo, kama makanisa mengi ya wakati ule, lilipokea fedha na watumishi kutoka ng'ambo. Mwaka 1971, akiwa Marekani mbele ya watu wa makanisa ya huko, alisimama akaomba wamisionari na fedha visitishwe kwa muda ili makanisa ya Afrika yapate kusimama kwa miguu yao. Wapo waliokasirika, huko na huku, na mwaka 1974 suala hilo lilijadiliwa kwa uzito katika mkutano wa makanisa ya Afrika yote uliofanyika Lusaka. Usitishaji wenyewe haukutekelezwa kama alivyotaka. Hata hivyo neno Jitegemea likabaki kuwa wito wa kanisa lake, na waumini wakazoea kujiuliza wanaweza kufanya nini kwa mifuko yao wenyewe. Angalia kwamba ofisi ya kwanza kupungukiwa, kama ushauri wake ungefuatwa, ilikuwa ya kwake. Hicho ni kipimo kimoja ambacho mimi nakiamini: mwenye maono ya kweli mara nyingi huwa wa kwanza kugharimika kwayo.

Kuhusu kuambiwa kwamba hamna imani, Paulo anawaagiza Wathesalonike wasitweze unabii, na papo hapo anawaagiza wajaribu mambo yote. Amri zote mbili zimeandikwa kwa watu wale wale. Mimi ningekushauri wewe kama katibu uandike barua ya heshima kwa uongozi, ukiomba mambo mawili tu: taarifa ya mapato na matumizi ya jengo hadi sasa, na makadirio ya fundi ya kazi iliyobaki. Barua isitaje unabii hata kidogo. Ukijibiwa kwa taarifa, mna kiongozi aliyekosea makadirio, na hilo ni jambo la kawaida katika ujenzi wowote, changieni mmalize. Ukijibiwa kwa kutishwa kwa laana, utakuwa umejua unachohitaji kujua, na hapo hutakiwi tena kuongeza ahadi nyingine.

Bwana asifiwe. Mimi ni mhazini wa huduma moja Dar es Salaam. Mwanzilishi wetu, mtumishi mwenye umri mkubwa, ametangaza madhabahuni kwamba mwanawe ndiye atakayemrithi. Kijana mwenyewe hana tabia mbaya. Shida yangu ni kwamba kiwanja na akaunti viko kwa jina la mzee, na wengine wanasema ni sawa kwa kuwa maono ni yake. Tufanyeje?

Ndugu mhazini, umeuliza maswali mawili, na ni vema uyatenganishe, kwa sababu moja linajadilika na jingine halijadiliki.

Mtoto kumfuata baba yake katika utumishi si dhambi. Yakobo, ndugu wa Bwana, aliliongoza kanisa la Yerusalemu na hakuna mahali anapolaumiwa kwa undugu wake. Lakini mtu anayepaswa kututia hofu kidogo ni Samweli. Akiwa mtoto, ujumbe wa kwanza aliopewa na Mungu ulikuwa juu ya kuhani Eli ambaye hakuwazuia wanawe. Alipozeeka, yeye mwenyewe aliwaweka wanawe Yoeli na Abiya kuwa waamuzi huko Beer-sheba, nao wakapokea rushwa na kupotosha hukumu. Mtu mwadilifu kiasi kile, aliyeuona msiba wa Eli kwa macho yake, hakuuona ulipoingia nyumbani kwake. Walioona ni wazee, nao walimwendea Rama wakamwambia. Ndiyo sababu uteuzi wa mtoto usiamuliwe na baba peke yake, hata kama baba ni mtakatifu. Ombeni kwamba kijana apewe kwanza huduma mbali na baba yake, kwa muda wa kutosha, chini ya mtu mwingine, kisha wazee na waumini waseme walichokiona. Kama ameitwa, kipindi hicho kitamjenga, na hakuna atakayemnong'ona baadaye.

Suala la mali halina mjadala wa namna hiyo. Fedha zilizonunua kiwanja ni sadaka. Sheria za Tanzania zinaruhusu taasisi ya dini kuwa na Bodi ya Wadhamini iliyosajiliwa RITA, yaani Wakala wa Usajili, Ufilisi na Udhamini, na bodi hiyo humiliki ardhi na mali kwa jina la taasisi, na mdhamini mmoja akifariki bodi inaendelea kuwapo. Mali ikibaki kwa jina la mzee, siku atakapolala itaingia katika mirathi yake, na warithi wake wote, pamoja na wale wasiosali kwenu, watakuwa na la kusema mahakamani. Huyo kijana mnayemwandaa anaweza kujikuta anadaiwa madhabahu na dada zake mwenyewe. Mweleze mzee hivyo, kama ulinzi kwa mwanawe, maana ndivyo ulivyo. Na anapokabidhi, asome sura ya 12 ya Samweli wa Kwanza, ambapo nabii anasimama mbele ya Israeli yote na kuwauliza alichukua ng'ombe wa nani, alichukua punda wa nani, alimdhulumu nani. Kisha vitabu vya hesabu visomwe siku hiyo hiyo.

Tumsifu Yesu Kristo. Nilikuwa katekista wa kigango kwa miaka mingi. Sasa amewekwa kijana aliyesoma chuo cha makatekista. Waumini wanakuja nyumbani kwangu kulalamika kwamba ibada zake ni fupi na hajui nyimbo za zamani. Nisiwasikilize?

Milele na milele, amina. Baba Katekista, wasikilize kama majirani, lakini usiwasikilize kama kigango. Anayelalamika juu ya ibada aende kwa katekista au kwa mwenyekiti wa kigango, na kama anaogopa, msindikize wewe mwenyewe, ukae kimya wakati anaeleza. Ukiwakalisha barazani kwako kila Jumapili jioni, baada ya miezi michache kutakuwa na vigango viwili, na cha pili kitakuwa chako.

Siku ya mwisho ya uongozi wake, tarehe 28 Februari 2013, Papa Benedikto XVI alikutana na makardinali, na kabla hata haijajulikana nani kati yao angechaguliwa, akaahidi heshima na utii kwa atakayekuwa Papa. Yaani aliahidi kumtii mtu ambaye jana yake alikuwa chini yake. Mwambie padre wa parokia kwamba ungependa kusema maneno kama hayo kwa kijana huyo mbele ya waumini, Jumapili moja padre akiwapo.

Nyimbo za zamani mfundishe, kama ataomba. Kama haombi, zifundishe kwaya, kwa ruhusa yake. Daftari lako la zamani lenye majina ya wasimamizi wa ubatizo na ndoa mpelekee bila kungoja aombe, kwa kuwa litamsaidia siku watu watakapokuja kutafuta vyeti. Na kwenye misiba, ambako wafiwa watakutaka wewe kwa kuwa ulimfahamu marehemu, waambie wamwombe yeye kwanza. Akikuruhusu, soma somo, umwachie yeye mahubiri.